Taifa Stars ijifunze kuongoza

MSIMU mpya wa kabumbu unakaribia, na kama ilivyo ada, vijiweni hakuna linalozungumzwa zaidi ya usajili. Nani kaenda Simba, nani kaihama Yanga, Azam imemchukua nani. Mazungumzo hayo hayana ubaya. Lakini ipo timu moja isiyosajili mtu kwa fedha, ambayo ni mali ya wananchi wote, na ambayo upangaji wake unatuhusu kuliko usajili wa klabu yoyote. Timu hiyo ni Taifa Stars. Mwezi Septemba 2023 Shirikisho la Kandanda la Afrika lilizikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tutakuwa wenyeji, na mwenyeji hapaswi kutahayari mbele ya wageni wake.

Kabla ya kupanga ya mbele, yafaa tuzitazame hesabu za nyuma, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa Stars imeshiriki fainali hizo mara nne: Nigeria mwaka 1980, Misri mwaka 2019, Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024, na Morocco kuanzia Desemba 2025 hadi Januari 2026. Katika safari zote hizo imecheza michezo 13. Imetoka sare mara 5 na imefungwa mara 8. Haijashinda hata mchezo mmoja.

Hatusemi hayo kwa nia ya kuwabeza vijana wetu. Huko Morocco, kwa mara ya kwanza katika historia, walivuka hatua ya makundi, kisha wakatolewa na wenyeji kwa bao 1-0. Hiyo ni hatua ya kujivunia, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Hata hivyo walivuka kwa pointi mbili za sare mbili. Kwa hiyo swali la ushindi wa kwanza bado lipo pale pale, na linangoja jibu.

Wapo wanaodhani kwamba taabu yetu ni kutojua kufunga. Sisi tunaona vingine. Mwaka 2019, mjini Cairo, tuliongoza mara mbili dhidi ya ndugu zetu wa Kenya, 1-0 na kisha 2-1 kabla ya mapumziko; tukamaliza tumefungwa 3-2, bao la mwisho likiingia dakika ya 80. Mwaka 2024, mjini San-Pédro, Simon Msuva aliifungia Tanzania bao dhidi ya Zambia katika dakika ya 11. Kabla ya mapumziko mchezaji mmoja wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Tukawa kumi na mmoja dhidi ya kumi kwa kipindi kizima cha pili, bao la pili halikupatikana, na katika dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Desemba 2025, dhidi ya Uganda, Msuva tena alitutanguliza kwa penalti. Dakika ya 80 mambo yakawa 1-1.

Michezo mitatu, fainali tatu, na ugonjwa mmoja. Tunajua kutangulia, hatujui kukaa mbele.

Ugonjwa huo una chanzo chake, na kila mtazamaji wa kandanda letu anaufahamu. Tukipata bao, miguu hurudi nyuma. Mawinga hugeuka mabeki, viungo huwakalia walinzi magotini, na mshambuliaji huachwa peke yake kama mlinzi wa shamba lisilo na jirani. Mpira unaopigwa mbele bila mtu wa kuupokea hurudi kabla mabeki hawajavuta pumzi. Ukirudi mara kumi, mlinda mlango ataokoa tisa. Lile moja ndilo linaloandikwa kwenye kumbukumbu.

Hatupingi kujihami. Ile sare ya 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2024 ilipatikana kwa kujihami, na ilikuwa ya heshima. Tunachopinga ni kudhani kwamba kujihami ni kuukimbia mpira. Timu inayoongoza hujihami vizuri zaidi ikiwa na mpira miguuni, kwa sababu mpinzani asiye na mpira hawezi kufunga.

Wala isisemwe kwamba Mtanzania hana uwezo huo. Agosti 2025, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, vijana wetu walicheza na Madagascar mjini Dar es Salaam. Clement Mzize alifunga mabao mawili katika dakika 20 za kwanza. Madagascar wakarudisha moja kabla ya mapumziko. Pamoja na hayo, ushindi wa 2-1 ulilindwa kwa kipindi kizima cha pili. Timu ile ilipata pointi 10 katika michezo minne ya kundi lake.

Kutokana na hayo, tunapenda kuyaweka mbele ya walimu wa timu na viongozi wa TFF mambo manne kwa ajili ya msimu huu.

La kwanza ni mshambuliaji wa kati. Mbwana Samatta na Simon Msuva wameibeba nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi, na Msuva amefunga katika fainali tatu mbalimbali. Shukrani wanayostahili haipimwi kwa dakika 90 za kila mchezo. Umri hauna rafiki. Kijana mwenye kifua cha kuushika mpira na mbio za kumsumbua beki aliyechoka aandaliwe sasa, acheze pamoja na wakubwa hao ili arithi ujuzi wao.

La pili ni kiungo. Tukiwa mbele na dakika zimebaki 20, mazoea ni kumwingiza beki wa tano. Sisi tunashauri aingizwe kiungo mwenye utulivu, anayeweza kupokea mpira akiwa amebanwa na kumpa mwenzake bila papara. Beki wa tano humkaribisha adui langoni. Kiungo mzuri humkalisha mbali.

La tatu ni benchi. Sheria inaruhusu kubadilisha wachezaji watano, karibu nusu ya timu. Basi wachezaji wa akiba wachaguliwe kwa kazi zao: huyu wa kuongeza kasi, huyu wa kutuliza mchezo, huyu wa mipira ya juu. Kikosi cha taifa si baraza la uwakilishi. Hakuna haja ya kuhesabu wangapi wametoka Msimbazi na wangapi Jangwani. Mwenye kazi apewe kazi, hata akitoka klabu ndogo ya mkoani.

La nne linazihusu klabu. Katika misimu ya karibuni Ligi Kuu imeruhusu kila klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni. Wageni hao wametufundisha mengi na wameipandisha hadhi ligi yetu, hatuwafukuzi. Lakini mara nyingi nafasi wanazopewa ni zile zile tunazozililia katika timu ya taifa: mlinda mlango, kiungo na mshambuliaji wa kati. Kijana anayekaa benchi mwaka mzima hawezi kuwa jasiri ghafla mbele ya Nigeria. Walimu wa klabu kubwa wawape vijana hao michezo halisi, hasa zile dakika za mwisho timu inapoongoza, maana huko ndiko somo hili linakofundishwa.

Washangiliaji nao wana sehemu yao. Mara nyingi kelele za jukwaani ndizo zinazoitia timu hofu. Pasi moja ikirudi nyuma, maelfu huzomea, na beki huupiga mpira popote ilimradi uondoke. Tujifunze kuivumilia timu inapotuliza mchezo.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini hutunzwa akicheza vema. Wageni watakapokuja, hawatatuuliza tumesajili nani. Watatuuliza tumeshinda mchezo gani. Jibu hilo haliwezi kutafutwa siku ya ufunguzi. Lianze kuandaliwa katika mchezo wa kwanza wa msimu huu, tangu dakika ile tutakayotangulia kwa bao moja.