Maharagwe ya Asali Katika Chungu

Huko Kanada maharagwe hupikwa kwa moto mdogo usiku kucha, yakatiwa shira ya utomvu wa mti wa mepo. Kasese na Bwera shira hiyo si ya kawaida, lakini asali ya nyuki na chungu cha udongo vyatosha.

Mpishi huchagua kilo 1 ya maharagwe, huyaosha na kuyaloweka usiku kucha. Asubuhi humwaga maji hayo, hutia maji mapya na kuyachemsha kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10. Hatua hii isirukwe: maharagwe mekundu mabichi yana sumu, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Mlaji huweza kutapika na kuhara.

Kisha chungu hufunikwa na kuwekwa juu ya makaa yaliyopoa kidogo mpaka maharagwe yalainike kabisa. Ndipo hutiwa vitunguu, nyanya, chumvi na vijiko 3 vya asali, yakaachwa saa 1 zaidi. Asali na nyanya zikitangulia, maharagwe hukawia kulainika na makaa huteketea bure.

Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe chakula chenye asali. Waliobaki wale pamoja, na askari arudipo kutoka lindoni akute sehemu yake ingali moto.