Safari ya kikundi haivunjwi na simba



Likizo kubwa inakaribia, na katika vikundi vyetu vya Lubumbashi swali ni lile lile: mwaka huu twende wapi pamoja? Wengi wanataja Victoria Falls, kwa kuwa barabara inatoka hapa kwetu, inapita Kasumbalesa, Kitwe na Lusaka mpaka Livingstone. Mbele ya kukusanya feza, nataka tuangalie watu waliozoea safari za namna hiyo: wale wanaovuka kusini mwa Afrika kwa kamyo, wakipika pamoja na kulala katika mahema. Uzuri wa njia yao tutauona. Lakini somo letu liko katika namna wanavyojipanga.

Safari yao inayojulikana sana inaanza Cape Town na kumalizika Victoria Falls, karibu majuma matatu. Kamyo inabeba watu kama ishirini, wengi hawajuani. Juu kuna viti. Pembeni na chini kuna masanduku ya mahema, meza, masufuria, jiko la gesi na tanki la maji. Wenye kamyo ni wawili au watatu tu: dereva, kiongozi, mara nyingine mpishi. Kazi iliyobaki ni ya wasafiri wenyewe.

Wanavuka mto Orange na kuingia Namibia. Kule Sossusvlei wanapanda vilima vya mchanga mwekundu, vingine vinapita mita 300. Katika mbuga ya Etosha wanakaa kimya usiku karibu na kisima chenye taa, wakingoja tembo na vifaru waje kunywa. Kisha Botswana, kwenye mto Okavango, ambao haufiki baharini hata kidogo: unatawanyika na kuishia katika mchanga wa Kalahari. Huko wanasafiri kwa mitumbwi inayosukumwa kwa mti mrefu, kama wavuvi wetu wanavyofanya.

Mwisho wanafika Kazungula, mahali ambapo Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia zinakaribiana. Zamani kamyo zilivuka Zambezi kwa kivuko, na kungoja siku nyingi lilikuwa jambo la kawaida. Tangu mwezi wa tano 2021 kuna daraja la mita 923. Kutoka hapo maporomoko hayako mbali: upana kilomita 1.7, urefu wa kuanguka mita 108. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na sisi wa Kiswahili tunasikia «moshi» ndani ya jina bila mkalimani. Tena Zambezi ni jirani yetu: chanzo chake kiko Zambia karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Mwezi wa saba na wa nane maji bado ni mengi, na ukungu umepungua kiasi cha kuona vizuri. Mwezi wa kumi, upande wa Zambia unaweza kukuta mawe makavu.

Sasa tuje kwenye somo. Watu ishirini wasiojuana wanakaa majuma matatu pamoja bila kugombana sana. Wanafanyaje?

Kwanza, kuna orodha ya zamu. Wanagawanyika katika vikundi vidogo. Leo kikundi hiki kinakata vitunguu na kusaidia kupika, kile kinaosha vyombo, kingine kinafagia kamyo, kingine kinapakia mizigo. Kesho wanabadilishana. Orodha inabandikwa mahali ambapo wote wanaiona. Mwanaume anaosha sufuria siku yake ikifika, mwenye cheo pia. Kila mtu anasimamisha hema lake mwenyewe.

Pili, kuna utaratibu wa usafi. Vyombo vinapita katika mabeseni matatu: la kwanza sabuni, la pili maji safi, la tatu maji yenye dawa ya kuua wadudu. Kisha hakuna kitambaa cha kupangusia. Kila mtu anashika sahani na kuipunga hewani mpaka ikauke. Ukiona mara ya kwanza utacheka, lakini sababu ni nzuri: kitambaa kimoja chenye unyevu kinaweza kupeleka ugonjwa wa kuhara kwa kikundi kizima. Mama, desturi hiyo tunaweza kuichukua hata kwenye matanga na ndoa zetu.

Tatu, kuna mfuko wa pamoja. Katika baadhi ya safari za namna hiyo, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na feza hiyo inanunua chakula na kulipa mahali pa kulala. Inaandikwa, na mwenye kuuliza anaonyeshwa.

Nne, saa ni saa. Mara nyingi wanaondoka saa kumi na moja au kumi na mbili asubuhi, hema limekunjwa kwa mwanga wa tochi. Anayechelewa anachelewesha wote.

Nawaeleza haya kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Kikundi kimoja cha mama, ambacho sitakitaja, kilikodi bisi kwenda safari ya siku nne. Kilikuwa na likelemba iliyodumu miaka mingi. Njiani mama watatu, wale wadogo kwa umri, walipika bukari na kuosha masufuria siku zote nne, wengine wakipiga picha. Feza ilikaa katika mkoba wa mmoja, bila daftari. Sidhani kama yule mama aliiba hata franka moja, lakini hakuwa na karatasi ya kujitetea. Waliondoka kikundi kimoja, wakarudi viwili, na likelemba ikafa. Mama wawili waliongojea zamu yao ya kupokea, mmoja kwa ajili ya masomo ya mtoto, walikosa. Simba hawakumwona hata mmoja. Masufuria na mkoba vilitosha kuwatenganisha.

Kwa hiyo, mbele ya franka ya kwanza kutolewa, kikundi kikae na kuandika mambo matatu: nani atafanya kazi gani siku gani, akiwemo mama rais, nani wawili watashika feza, mmoja sanduku na mwingine daftari, wakihesabu mbele ya wote kila jioni, na nini kitafanyika kwa feza ya mama atakayeshindwa kwenda. Feza ya safari isichanganywe kamwe na feza ya likelemba.

Na nyumbani? Wengi wetu hatusafiri kwa kuogopa kwamba jikoni litalala siku tutakayotoka. Anzeni zamu mwezi mmoja mbele. Bandika karatasi ukutani: nani anateka maji, nani anawasha makala, nani anasimamia masomo ya wadogo. Wavulana na baba waandikwe pia. Mtoto wa miaka kumi anayejua kwamba jumanne ni siku yake ya kuosha sahani hangoji kupigiwa kelele. Hata kama safari haitafanyika, karatasi hiyo itakuwa imekusaidia.

Mambo ya njiani ni haya. Paspoti mapema, na ulizeni viza kwenye ubalozi wa kila inchi mtakayoingia, kwa maana masharti hayafanani. Karti ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Tangu 2016 chanjo moja inahesabiwa kuwa ya maisha yote, msikubali kudanganywa kwamba imekwisha muda. Anayesafiri na mtoto abebe cheti chake cha kuzaliwa, na kama baba anabaki, barua yake ya ruhusa yenye muhuri wa serikali.

Wafundisheni watoto kuvuka barabara upya. Kwetu motokari zinapita kuume, na mtoto amezoea kutazama kushoto kwanza. Ukiisha kuvuka Kasumbalesa zinapita kushoto, basi hatari ya kwanza inatoka kuume. Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini zote ni hivyo.

Livingstone na Chobe kuna malaria; chandarua kisisahauliwe. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali, hasa Botswana, basi blanketi nzito. Botswana na Namibia kuna vizuizi vya mifugo ambapo nyama mbichi inachukuliwa na viatu vinakanyagishwa dawa. Nunueni nyama kisha kupita. Mkilala hemani karibu na mbuga, matunda yasikae ndani, sababu tembo anayasikia harufu. Viatu viingizwe, fisi huviiba. Maji yasitekwe ukingoni mwa mto, na usiku mtoto asitoke peke yake: kiboko hutoka majini usiku kula majani.

Katika mkutano wa juma hili, kila kikundi chenye nia ya kusafiri kianze na daftari na orodha ya zamu, kisha bei ya bisi. Mkiona mnashindwa kukubaliana nani ataosha masufuria mkiwa bado hapa Lubumbashi, ahirisheni safari mpaka mkubaliane.

Juma njema, mama.