SIMBA NI WA SERIKALI, NG'OMBE ALIYELIWA NI WA NANI?

Ukifuga mbwa, akamng'ata mtoto wa jirani, utakwenda kwa jirani kumpa "kifuta jasho"? Thubutu! Mjumbe atakuita, polisi watakuita, na gharama za hospitali utazilipa mpaka senti ya mwisho. Hii ni akili ya kawaida, haihitaji mtu awe amesomea sheria pale Mlimani.

Sasa tuje kwa simba. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori wote wa nchi hii ni mali ya umma, na mdhamini wao ni Rais. Kwa hiyo simba anayenguruma Simanjiro ana mwenyewe, tena mwenyewe mwenye bendera, jeshi na hazina. Lakini simba huyo huyo akiruka ua wa miiba usiku akaua ng'ombe watatu wa mlalahoi, mwenye simba ghafla anageuka mtu wa kutoa pole. Wizara ya Maliasili na Utalii imelisema hilo miaka nenda rudi, tena bungeni, bila kupepesa macho: Serikali hailipi fidia, inatoa kifuta jasho. Na mnyama akiua mtu, inatoa kifuta machozi.

Hayo maneno yasikupite, ndugu msomaji. Fidia ni haki, ukinyimwa unaidai mahakamani. Kifuta jasho ni hisani, unaipokea kwa mikono miwili na kusema asante mkubwa. Waliochagua maneno hayo hawakuwa wanatunga nyimbo za taarab. Walijua wanachokikwepa.

Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 ziliandika bei. Uhai wa mtu: shilingi 1,000,000. Ulemavu wa kudumu: 500,000. Shamba lililofyekwa na tembo: kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ni ekari 5, hata kama tembo wamemaliza ekari 12. Mifugo nayo ikawekewa kiwango cha kwenye jedwali, siyo bei ya mnadani. Wewe kijana wa Dar ambaye umewahi kusindikiza mzigo pale Pugu unajua dume la kuchinja linauzwaje. Jedwali halijui. Na wakubwa wakitujibu kwamba viwango vinapandishwa, tunawaambia wapandishe hata mara mbili, bado ni sadaka ya mwenye mali aliyegoma kulipa deni.

Hapa sasa ndipo damu inapochemka. Geuza kibao. Ng'ombe wa mfugaji akivuka kigingi akaingia hifadhini kutafuta majani wakati wa kiangazi, je, mfugaji huyo anaitwa akatoe kifuta jasho kwa Serikali? Wapi! Ng'ombe wanakamatwa na kufungiwa. Wafugaji wa Ihefu na Loliondo wanataja shilingi 100,000 kwa kila kichwa, taslimu, ndipo uwachukue. Mwenye ng'ombe 200 piga hesabu mwenyewe. Asiyekuwa nazo anaona mifugo yake inataifishwa na kupigwa mnada. Mwaka 2013 ilikuja Operesheni Tokomeza, eti ya kusaka majangili, ikageuka kilio cha wafugaji hadi Kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakang'oka kwa mpigo. Huwezi kusema wakubwa hawakujua.

Kwa hiyo mstari ni ule ule mmoja. Ng'ombe akiuvuka kwenda kwa simba, analipiwa papo hapo. Simba akiuvuka kwenda kwa ng'ombe, ni fomu.

Na fomu hiyo nayo ina safari yake. Mfugaji aende kwa mtendaji wa kijiji. Ofisa wanyamapori wa wilaya aje aone kwa macho yake, kama gari lipo na mafuta yapo. Karatasi ziende wilayani, zipande hadi Wizarani Dodoma, halafu subiri. Miezi inapita, wengine miaka. Wakati huo huo mla ng'ombe mwingine mkubwa ni fisi, na fisi habakizi ushahidi: anatafuna nyama, ngozi na mifupa. Ofisa akifika siku ya nne anakuta alama ya damu na mzee wa Kimasai amesimama anaonyesha kidole. Mzoga uko wapi, mzee? Umeliwa, mwanangu. Basi hakuna malipo!

Huenda unasema hayo ni mambo ya porini, wewe uko kijiweni Manzese unasaka nauli. Ngoja. Mwaka 2024 nchi hii ilipokea watalii zaidi ya milioni 2, na kila mwaka tunatangaziwa kwamba utalii unaingiza zaidi ya dola bilioni 3. Mtalii hakupanda ndege kuja kuangalia majengo ya Posta. Amekuja kumwona simba. Na simba wa Tarangire, kwa mfano, mvua zikinyesha anawafuata nyumbu na pundamilia hadi nyanda za Simanjiro, nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji. Anakula huko, analala huko. Mfugaji ndiye anayemlisha mnyama anayeleta dola, halafu dola hizo zinapita juu ya kichwa chake kama ndege ya kwenda Zanzibar. Mshahara wa mkubwa umo humo, na shangingi lake umo humo.

Wenye fedha wanafanyaje? Jimbo la Colorado, Marekani, lilipiga kura Novemba 2020 kuamua kurudisha mbwa mwitu waliokuwa wamemalizwa huko. Siyo hawa mbwa mwitu wetu wenye madoa, ni wale wakubwa wa nchi za baridi. Watu wa mijini, Denver na Boulder, ndio walioipitisha kura hiyo, kwa kushinda kidogo tu. Wafugaji wa milimani walipiga kelele. Wanyama 10 wakaletwa kutoka Oregon Desemba 2023, na 15 wengine kutoka Canada Januari 2025. Lakini sheria yao ilikubali jambo moja la kiungwana: kama mjini ndiko kulikomtaka mnyama, basi mfuko wa jimbo ulipe bei ya soko, hadi dola 15,000 kwa mfugo mmoja. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30! Hata ng'ombe ambao mizoga yao haikuonekana wana utaratibu wa kudaiwa. Wafugaji wa kule bado wanalalamika, na ni haki yao, lakini wanalalamikia malipo siyo sadaka.

Msiniambie Marekani ni tajiri. Vukeni Namanga. Sheria ya Kenya ya 2013 inaita fidia kwa jina lake, inataka mifugo ilipwe kwa bei ya soko, na uhai wa mtu imeupa shilingi milioni 5 za kwao. Ni kweli Serikali yao imelimbikiza madeni ya mabilioni. Lakini deni linadaiwa. Hisani utaidai wapi?

Kuna wataalamu wa semina watakaosema ukilipa fidia mfugaji atalala usingizi na kuacha zizi wazi, au atadai ng'ombe aliyekufa kwa ndigana. Danganya toto hiyo. Pale Mbirikani, karibu na Amboseli, mfuko ulioanza mwaka 2003 unampunguzia malipo aliyezembea zizi, na jamii ikiua simba inakatwa. Simanjiro kwenyewe watu wanajenga maboma ya miti hai na waya. Uzembe una dawa yake. Dharau ndiyo haina. Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu uliua simba 6 na tumbusi 74. Siungi mkono sumu hata kidogo. Lakini mtu unayemwambia kwamba mali yake haina mdai, na mali yako ikiguswa anafilisika, unategemea apende utalii?

Bajeti ya Maliasili husomwa Dodoma kila mwaka. Wabunge mnaotoka kwenye majimbo ya wafugaji, acheni makofi. Dai la kwanza ni neno "fidia" liandikwe kwenye sheria. La pili ni bei ya mnada wa wiki ileile, ikikatwa kutoka kwenye viingilio vya hifadhi kabla fedha hazijapanda kwenda juu, na ilipwe ndani ya siku zilizotajwa. Kisha Waziri alete mezani vitabu viwili vya risiti: cha fedha zilizokusanywa kwa ng'ombe waliokamatwa, na cha fedha zilizolipwa kwa ng'ombe walioliwa. Tuvione kimoja kando ya kingine.