Taa za bandia zinatufilisi wakulima wa maua

Mhariri,

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza. Leo asubuhi mnunuzi amekataa mzigo wangu wote wa haiperikamu. Alichomoa shina moja kwenye ndoo, akaligeuza mara mbili mkononi, akaniambia, "Mama, hapa sina cha kubeba. Haya ni majani matupu." Alisema kweli. Mashina yalikuwa marefu na yamenawiri, lakini kule juu, mahali pa vile vitunda vyekundu ambavyo watu wa Ulaya hupenda kuvichanganya na waridi, hapakuwa na chochote. Ndoo zote zimebaki kwangu na vibarua wanangoja malipo yao.

Kwa wasioijua haiperikamu, huchanua na kutunga vitunda vyake siku zikiwa ndefu. Ulaya siku hizo huja zenyewe kila kiangazi. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mkulima hana budi kuwasha taa usiku hadi mmea upate mwanga wa saa 16 hivi. Usipowasha, unavuna kuni. Mashamba makubwa ya Naivasha hapa Kenya hutumia taa, na sisi wenye robo ekari huku Nyandarua tukaambiwa tufanye vivyo hivyo ikiwa tunataka soko la nje. Tukafanya.

Duka moja la mjini liliniuzia taa za kukuzia mimea kutoka ng'ambo, Sh3,500 kila moja. Boksi limeandikwa wati 1000, haziingii maji, zitadumu saa 50,000. Pia lina stika ya ubora inayong'aa. Zilipofungwa shamba lote liligeuka zambarau, majirani wakaja kutazama. Haukupita muda mrefu, moja ikaanza kupepesa, nyingine ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, na mvua zilipoanza zikazimika mstari mzima. Mmea ukikosa mwanga katika majuma yale unapotakiwa kufanya tumba, hakuna dawa wala mbolea ya kuurudisha. Unaukata, unaanza upya, na miezi imeshakwenda.

Nilimwita fundi wa stima azifungue. Ningependa kila afisa anayelipwa kwa kodi zetu aone nilichokiona. Bamba la alumini linalopaswa kuipoza taa lilikuwa jembamba kama karatasi ya sigara. Mpira wa kuzuia maji haukuwapo, kuna mfereji wake tu. Waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, uliingia ndani ya taa ukaishia hapo, ncha yake haikuungwa popote, hata kwenye lile bamba. Bamba hilo hilo ndilo vibarua wangu hulishika kwa mikono iliyolowa wakisogeza taa juu ya matuta. Wana watoto nyumbani. Kisha fundi akaichomeka kwenye kipimo chake taa moja iliyokuwa bado inawaka, ikasoma wati mia moja na kidogo.

Nilirudi dukani na boksi pamoja na risiti. Kijana aliyeniuzia akanieleza kwamba ile 1000 si wati zenyewe, ni makadirio ya kulinganisha na taa za zamani, na kwamba vifaa vya umeme vikishatoka dukani havirudi. Mhariri, wati ni kiasi cha umeme ambacho taa inakula. Kinapimika, na fundi wangu alikipima mbele ya macho yangu. Anayeandika 1000 pahali pa 100 amedanganya, na anayeuza akijua hivyo ameshirikiana naye.

Binti yangu anayesomea kilimo amenifafanulia mengine. Boksi linasifu lumeni, na lumeni hupima mwanga kwa jicho la binadamu. Mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa nanomita 400 hadi 700, na ili uhesabu siku kuwa ndefu unategemea hasa mwekundu wa karibu 660 pamoja na ule uliokolea wa karibu 730. Boksi halisemi neno juu ya hayo. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba kurefusha siku hakuhitaji mwanga mkali hata kidogo. Mwanga hafifu wa rangi inayofaa unatosha. Yaani taa ya bei rahisi ingeweza kabisa kunifaa, mradi iwe inafanana na maandishi yake na isinizimikie katikati ya msimu. Kwa hiyo wanaoniuliza kama taa hizi za bei ya chini zina faida, nawajibu kwamba kwa hali ilivyo sasa hazina. Bei ya taa ni sehemu ndogo sana ya hesabu. Hasara iko kwenye miche, mbolea, maji, mishahara na mnunuzi ambaye msimu ujao atapita mlangoni pako bila kusimama.

Tangu 2005 bidhaa zinazokuja nchini zinatakiwa kukaguliwa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya usalama wake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara. Mwaka 2012 tukapata na sheria ya kumlinda mtumiaji. Sasa aliyeipitisha kontena ya taa zisizo na athi ni nani? Nilipiga simu ofisi inayohusika, nikaambiwa niandike barua pepe. Nimeandika. Kimya.

Na hata ningekuwa na taa njema, stima yenyewe iko wapi? Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilizama gizani hadi uwanja wetu mkuu wa ndege, na viongozi wakakimbilia kwenye kamera. Huku kwetu giza la namna hiyo ni jambo la kawaida, hakuna anayelihutubia. Transfoma ya kijiji ikiungua tunachangishana wenyewe nauli ya kumfuata mhandisi. Wakati huohuo kaunti haikosi mtu wa kukata ushuru barabarani maua yakipita.

Wanasiasa wameshaanza kuonekana kwenye mazishi yetu kwa sababu ya uchaguzi wa 2027, na kila mmoja anaahidi kuinua mkulima. Ninawaomba waache ahadi hizo. Waitishe orodha ya waliozileta taa hizi, waitangaze hadharani, na duka lililoniuzia lilazimishwe kurudisha pesa zangu na za wenzangu. Boksi, risiti na taa zilizofunguliwa ninavyo, na yeyote mwenye mamlaka akitaka kuviona nitamletea mwenyewe hadi ofisini kwake.

Mkulima mdogo wa maua,
Nyandarua