Mambo ya Nyumbani: Bata Mzinga Ameiva Lini?

Katika miji ya Thika na Ruiru, na katika mashamba yaliyoizunguka, mwezi wa Desemba huleta mezani ndege ambaye miezi mingine huonekana kwa nadra, naye ni bata mzinga. Jina lake lamtaja bata, lakini yeye si bata. Ni jamaa ya kwale, na wenyeji wa Meksiko walikuwa wakimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Dume lililonona huweza kupita kilo 10. Ukubwa huo ndio uwafurahishao wageni, na ndio huo huo umtatizao mpishi. Kuku wa kilo moja na nusu huiva nje na ndani karibu kwa wakati mmoja. Bata mzinga sivyo: ngozi yake huweza kuwa imekwisha kugeuka rangi ya dhahabu, na kidari kimeanza kukauka, na huku nyama ya paja iliyoshikamana na mwili ingali mbichi.

Ubichi huo si jambo la ladha tu. Katika matumbo ya ndege wazima hukaa vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta, wala ndege hawadhuriki navyo. Ndege akichinjwa na kupasuliwa, vijidudu hivyo huenea katika nyama. Mtu mzima mwenye afya akivila huenda akahara na kushikwa na homa kwa siku kadhaa, kisha akapona. Lakini mtoto mchanga, mzee, mama mja mzito na mgonjwa aliyedhoofika wako katika hatari ya kweli. Kwa watoto wadogo wa Afrika, hasa waliodhoofishwa na malaria au utapiamlo, salmonela huweza kuingia katika damu na kuua.

Baada ya sikukuu watu wengi husema wamepata taifodi kutokana na nyama. Hilo si sahihi. Taifodi huletwa na salmonela ya namna nyingine, itokayo kwa binadamu, nayo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza. Mtu aliyekula tarehe 25 akaanza kutapika tarehe 26 hana sababu ya kuishuku taifodi kwanza. Na afadhali amweleze daktari alikula nini na saa ngapi.

Basi mpishi atajuaje kwamba ndege ameiva? Wengi huchoma paja kwa uma na kutazama majimaji yatokayo; yakiwa meupe husema tayari. Wengine huvuta mguu, na ukilegea huridhika. Dalili hizi si za kudharauliwa, lakini si hakika. Nyama huweza kupoteza wekundu wake kabla ya kupata joto la kutosha, na katika ndege mchanga nyama iliyo karibu na mfupa huweza kubaki na wekundu hata baada ya kuiva kabisa, kwa sababu ya rangi itokayo ndani ya mfupa. Kwa hiyo macho hukosea pande zote mbili. Wakulima wa kahawa wa Ruiru na Thika hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mzee aliyezoea huiuma punje ya kahawa kwa jino akakisia ukavu wake, na mara nyingi hakosei sana. Lakini kiwandani punje hutiwa katika chombo cha kupimia, kwa kuwa ikibaki na maji mengi kuliko sehemu 12 kwa mia itaota ukungu ghalani, na ukungu hausikilizi makisio ya mtu.

Chombo cha mpishi ni kipimajoto cha nyama, chenye ncha kama sindano. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake matano juu ya usalama wa chakula yaliyotolewa mwaka 2001, lilitaja digrii 70 za Selsiasi. Wakuu wa Marekani tangu mwaka 2006 wameweka kima cha digrii 74 kwa ndege wote, na kima hicho ndicho kizuri kufuatwa nyumbani, kwa maana kinaacha akiba kidogo kwa mkono uliokosea mahali pa kuchoma. Ncha iingizwe ndani ya paja, upande wa ndani unaogusana na mwili, pasipo kugusa mfupa. Kisha ichomwe katika kidari mahali palipo pana kuliko pote. Pahala penye joto dogo kuliko pengine ndipo pa kuaminiwa. Paja likifika digrii 80 huwa laini zaidi, lakini hilo ni shauri la meno, si la usalama.

Hapa pana mtego unaowahusu hasa watu wa nyanda za juu. Karatasi nyingi zinazouzwa pamoja na vipimajoto huagiza mtu akijaribu chombo chake katika maji yanayochemka, na kwamba lazima kionyeshe 100. Mjini Mombasa ni kweli. Lakini Thika iko karibu meta 1,500 juu ya bahari, na Ruiru imezidi kidogo, na joto la kuchemka hupungua digrii moja hivi kwa kila meta 300. Maji ya Thika huchemka kwa digrii kama 95. Mwenye kipimajoto kizima atasoma 95, atadhani kina upungufu wa digrii 5, naye ataanza kuongeza 5 juu ya kila asomacho. Siku ya karamu atasoma 69, atasema ni 74, na atamtoa ndege motoni. Ile akiba yote ya usalama imekwisha kuliwa kabla ya wageni kuketi. Ni heri kukijaribu katika barafu iliyopondwa na kutiwa maji kidogo. Hapo lazima kionyeshe 0, iwe pwani, iwe Thika, iwe kileleni mwa Mlima Kenya.

Asiye na kipimajoto ana njia iliyo bora kuliko kukisia, nayo ni kumkata ndege vipande na kumpika mchuzi. Maji yanayochemka kwa digrii 95, ingawa hukawiza maharagwe, yamepita 74 kwa mbali, na vipande vidogo havina mahali pa kuficha ubichi. Meza haitakuwa na fahari ile ile, lakini hapana mgeni aliyekula mchuzi mzuri wa bata mzinga akalalamika.

Anayetaka kumwoka mzima na ayajue mambo machache. Ndege wa kilo 5 katika tanuri ya digrii 165 huhitaji saa tatu hivi. Katika tanuri ya makaa, au sufuria nzito iliyowekwa makaa juu ya kifuniko, muda huzidi, kwa sababu makaa hugeuka majivu na joto hushuka bila mtu kutambua. Yafaa ndege ageuzwe na makaa yaongezwe. Wali au mkate wa kujaza tumboni na upikwe kando. Ukitiwa ndani hunywa maji ya nyama mbichi, nao huwa wa mwisho kupata joto. Aliyenunuliwa akiwa amegandishwa lazima ayeyuke kabisa ndani ya friji, na kwa kilo 5 hiyo ni kazi ya siku mbili hadi tatu, si ya usiku mmoja mezani. Ndege mwenye barafu tumboni huula moto wa saa nzima kabla nyama ya ndani haijaanza kuiva.

Desturi moja ingefaa iachwe kabisa. Wako wapishi ambao, kwa kuogopa kuchelewa, humwoka ndege nusu jioni ya tarehe 24, humwacha jikoni amefunikwa, na kummalizia asubuhi. Hakuna njia nzuri kuliko hiyo ya kufuga vijidudu. Kati ya digrii 5 na 60 huzaana upesi, na baadhi yao huacha sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto tena. Umeme ukikatika ndege akiwa nusu, na ahamishiwe kwenye makaa papo hapo, au akatwe vipande vitiwe sufuriani. Kumchemsha kidogo kwanza ili alainike hakuna ubaya, mradi atoke majini aingie motoni bila kungoja.

Kisu nacho husahauliwa. Kibao kilichokatiwa ndege mbichi kikatumika kwa nyanya na vitunguu vya kachumbari hufanya bure kazi yote ya kipimajoto, maana kachumbari haipikwi. Wala haifai kumwosha ndege chini ya bomba. Maji hurusha vijidudu mpaka kwenye sahani zilizo kando, na moto utaviua vile vilivyobaki juu ya nyama.

Ndege akishatolewa na apumzishwe dakika 20 kabla ya kukatwa. Nyama iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili. Na ivuliwe mifupani, iwekwe katika vyombo visivyo vya kina, itiwe mahali pa baridi. Fungu la kumpelekea nyanya Murang'a, lililofungwa katika karatasi likiwa moto na kuwekwa chini ya kiti cha matatu, halipoi wala halikai moto, nalo hufika likiwa katika joto lile lile wapendalo vijidudu. Afadhali lipozwe usiku kucha ndani ya friji, lisafiri asubuhi na mapema, na huko lifikako lichemshwe mpaka mvuke utoke katikati ya nyama kabla ya kupakuliwa.