Noeli ya Mtoto Mdogo Haitoki Dukani



Wapendwa katika Kristo, kila Majilio yanapoingia huingia pia zile hesabu tunazozifahamu sote: gauni la binti, viatu vya kijana, kuku, mchele wa pilau, nauli ya kwenda kijijini. Hatusemi kwamba hesabu hizo ni dhambi. Tunauliza tu: mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano aliyemo nyumbani mwenu ameandaliwa nini, mbali na vazi? Katika familia nyingi jibu ni simu. Mtoto hupewa simu atazame katuni ili wakubwa wapate nafasi ya kuandaa Noeli, na hivyo sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtoto humpita mtoto wa nyumba.

Wapo wanaojitetea kwamba mtoto wa umri huo haelewi, na kwamba katekista atamfundisha wakati wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Utetezi huo tunaukataa. Mtakatifu Papa Pius X, katika hati Quam Singulari ya mwaka 1910, alielekeza kwamba mtoto apokee Komunyo anapofikia umri wa kutambua, yapata miaka saba. Hakusema kwamba miaka inayotangulia iachwe tupu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Na siku ya Ubatizo ninyi wenyewe, mbele ya Kanisa, mliukubali wajibu wa kumlea mtoto huyo katika imani. Hakuna mzazi aliyejibu siku ile: "Tutaanza akifika darasa la tatu."

Tena, ni nani asiyeelewa? Mtoto anayejua kufungua simu ya baba yake na kuitafuta katuni aipendayo, anayeimba tangazo la biashara tangu mwanzo hadi mwisho, je, hawezi kuelewa kwamba Mama alimzaa Mwana akamlaza horini kwa kukosa nafasi? Anaelewa sana. Ila mtoto mdogo haelewi kwa kuhubiriwa. Anaelewa kwa vidole, macho, pua na masikio. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilijua hilo hata kwa watu wazima. Mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, aliomba liandaliwe hori lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda, ili watu wauone kwa macho yao ufukara wa Bethlehemu. Hayati Papa Fransisko alikwenda mahali hapo tarehe 1 Desemba 2019, akatia sahihi barua ya kitume Admirabile Signum, akihimiza familia zidumishe desturi ya kuandaa pango la Noeli nyumbani.

Basi, tushike kazi. Haya matano yanamtosha mtoto wa chekechea.

Kwanza, pango. Chukueni boksi tupu la viatu, liezekeni kwa majani makavu ya mgomba. Mpeni mtoto udongo laini afinyange Maria, Yosefu, wachungaji na kondoo. Kondoo akifanana na kiazi, mwacheni; vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Akiwa anafinyanga, msimulieni sura ya pili ya Injili ya Luka kwa maneno yenu. Akiuliza habari za ng'ombe na punda, mwambieni kweli: Injili hazikuwataja, mapokeo yamewachukua kutoka kwa nabii Isaya (Isa 1:3).

Pili, hori tupu. Kila mtoto atendapo jema, kama vile kumgawia mdogo wake embe au kuomba radhi, aweke unyasi mmoja horini. Mtoto Yesu asiwekwe humo hadi usiku wa tarehe 24. Hapo mtoto hujifunza kungoja, somo ambalo hata sisi wakubwa limetushinda.

Tatu, hesabu. Tarehe 1 Desemba wekeni maharage 24 katika bakuli. Kila jioni mtoto ahamishe moja, kisha aulizwe: zimebaki ngapi? Hiyo ni hesabu ya kutoa, tena bila kiboko wala masomo ya ziada ya likizo ambayo wengine wanawalipia watoto wasiojua hata kufunga kamba za viatu. Mkubwa awepo, maana watoto huweza kuzitia puani.

Nne, mishumaa minne ya Majilio ndani ya majani mabichi ya uani kwenu: mitatu ya zambarau, na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu. Mtoto ataje rangi na idadi, mzazi awashe, wote mwimbe, mtoto apulize kuzima.

Tano, Mamajusi. Waanze safari yao dirishani, wasogee hatua moja kila siku hadi wafike pangoni siku ya Tokeo la Bwana. Mathayo hakutaja idadi yao, alitaja zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane (Mt 2:11). Chomeni ubani kidogo mtoto anuse. Kwa njia hiyo Noeli haitakwisha sufuria ya pilau inapooshwa.

Mtatuambia hamna fedha. Udongo unauzwa wapi? Mtatuambia hamna muda. Robo saa ya jioni inatosha, nayo ni fupi kuliko tamthilia tunayoikalia usiku. Mwingine atasema hayo ni mambo ya Kizungu. Ni kweli, taji la mishumaa ya Majilio lilianzia kwa Waprotestanti wa Ujerumani katika karne ya 19, wala hatulifichi. Lakini yule Baba Krismasi wa plastiki, aliyevaa koti zito la baridi katika joto la Desemba, naye alizaliwa kijiji gani cha kwetu? Huyo hatumhoji, kwa sababu tumemnunua. Mgomba ni wetu, udongo ni wetu, na Mtoto aliyezaliwa ni wa mataifa yote.

Wala kazi hii asiachiwe dada wa kazi peke yake. Akina baba, tunawasemea ninyi hasa: Yosefu hakumtuma mtu mwingine Bethlehemu. Mtoto atakayemwona baba yake ameketi mkekani akifinyanga mchungaji hatahitaji hotuba ndefu ili ajue kwamba imani ni jambo la wanaume pia. Na asiyeliona hilo utotoni, tusimlaumu katekista atakapochoka na Misa akiwa kijana.

Kumbukumbu la Torati linatuagiza tuwafundishe watoto wetu tukiketi nyumbani (Kum 6:7). Nyumbani, wapendwa, kabla ya kanisani. Jioni ya leo tafuteni boksi.

Mtoto wa Bethlehemu azibariki nyumba zenu. Amina.