FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Hapa Mnazi Mmoja, jirani na Soko la Kariakoo, kila mtu ajua kuwa bei haipatikani mpaka mnunuzi na mwuzaji wakutane uso kwa uso. Wabunge nao wafanye vivyo hivyo.

Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na 1,147 kati yake zimo Tanzania. Naibu Spika wa Uganda, Ndugu Thomas Tayebwa, alilijibu kwa ukali. Pande mbili zilisema, lakini hazikusemezana. Na ukali haumlipi fidia mkulima, wala haumpi kibarua ujira wake.

Mwaka 2023, mjini Luanda, Dokta Tulia Ackson, wakati huo Spika wetu, alichaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, ulioasisiwa mwaka 1889 ili wabunge wakutane. Heshima ile yatudai kazi. Wa Ulaya na waje Tanga wasikilize kabla ya kupiga kura. Wetu nao waanze kwa mkulima mwenye shamba, ndipo wavuke bahari kumsemea.